Kazi ya mzazi: fundi viatu

Nilipoingia kidato cha kwanza tulipewa fomu za kujaza, kila mtu na yake. Jina la mwanafunzi, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, kazi ya mzazi. Hapo kwenye kazi ya mzazi nilisita. Nikachungulia ya jirani yangu, kaandika "mwalimu". Nikaandika "mfanyabiashara".

Baba yangu ni fundi viatu. Mpaka leo yuko palepale Tanga, kibandani mwake karibu na soko, amekalia kigoda, pembeni kisanduku cha misumari na nyuzi, na katikati ya magoti kile chuma cha miguu mitatu anachopachikia kiatu akipigilia soli. Ada yangu ya mwaka ule ilitoka kwenye visigino vya watu. Nilikuwa nalijua hilo wakati naandika, na bado niliandika nilichoandika.

Fomu ile haijanitoka. Imenifuata hadi Ujerumani nilikokwenda kusoma, na ilinikuta tena siku moja ya Desemba mjini Nuremberg, ndani ya kanisa nililoingia kwa sababu ya baridi tu.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Lorenz. Ndani yake, kando ya nguzo, umesimama mnara wa mawe wa karibu mita 20, mwembamba, umechongwa vitundu na vijiti mpaka unadhani ni lesi. Ni kabati la kuhifadhia mkate wa ibada, lakini ukiliona hutaliita kabati. Huko juu ncha yake imejikunja, kama mche uliokua ukagota kwenye dari ukatafuta pa kupita. Kila aliyeingia alitazama juu, nami nikatazama juu. Shingo ilipochoka nikashusha macho, nikamwona aliyeubeba.

Ni mwanamume wa makamo, wa jiwe, amepiga goti. Ana ndevu, kichwani kilemba cha kazi, mkono mmoja kashika nyundo ya mti, mwingine patasi. Kando yake wako wengine wawili, nao wameinama chini ya mzigo uleule. Huyo wa patasi ni Adam Kraft, mchonga mawe, ndiye aliyeujenga mnara huo kati ya 1493 na 1496. Aliyelipa ni Hans Imhoff, na mapatano yalikuwa gulden 700, fedha ya wakati ule. Imhoff alikuwa mfanyabiashara. Neno lilelile nililolikimbilia mimi kwenye fomu. Nembo ya ukoo wake imo kwenye kazi, kama ilivyokuwa desturi ya wenye mali. Lakini uso unaokutazama pale chini, kwenye kimo cha macho ya mtoto, ni uso wa fundi na vyombo vyake vya kazi.

Nilizunguka ule mnara mara tatu. Unaweza kusema ni unyenyekevu, mtu kajiweka chini kabisa nyumbani mwa Mungu. Mimi niliona na jambo jingine: ukimwondoa aliyepiga goti, hakuna kinachobaki juu.

Ukitoka hapo ukashuka, ukavuka mto Pegnitz, upande wa pili utalikuta kanisa la Mtakatifu Sebald, na ndani yake kaburi la huyo Sebald, msimamizi wa mji. Kaburi limezungushiwa kazi ya shaba iliyofanywa na Peter Vischer na wanawe kuanzia 1508 hadi 1519. Imejaa mitume, manabii, watoto wanaocheza, hata konokono wanaobeba uzito. Chini, upande mmoja, amesimama Mtakatifu Sebald. Upande unaoelekeana naye amesimama Vischer mwenyewe: mnene kidogo, ndevu zimejaa, kofia ya duara, aproni ya ngozi imefungwa kiunoni, vyombo mkononi. Amevaa alivyovaa asubuhi ya siku ya kazi, akitoka tanurini. Mtu aliyepokea kazi kutoka kwa wafalme angeweza kujivalisha joho, na nani angemkataza? Akachagua aproni. Na maandishi yanasema kazi hii imefanywa na Peter Vischer, raia wa Nuremberg, pamoja na wanawe.

Raia. Nililiandika neno hilo kwenye daftari nikalipigia mstari, maana nilikuwa nimeanza kusoma historia ya mji huo, na kadiri nilivyosoma ndivyo neno hilo lilivyozidi kuwa zito.

Mwaka 1348 baraza la mamwinyi wa Nuremberg lilipinduliwa, na mafundi walikuwamo katika kulipindua. Mwaka uliofuata Mfalme Karl IV aliwarudisha mamwinyi kwenye viti vyao. Tangu hapo mji ukapiga marufuku vyama vya mafundi. Katika miji mingine ya Ujerumani mafundi waliungana kwa kazi zao, wahunzi na wahunzi, wafumaji na wafumaji, wakawa na nyumba ya chama, sanduku la fedha, bendera, na mara nyingine viti barazani. Augsburg, jirani tu wa Nuremberg, walikuwa hivyo kwa muda mrefu. Nuremberg walinyimwa. Baraza dogo lililoendesha mji lilikuwa na watu 42. Kati yao 34 walitoka kwenye familia za mamwinyi, na mafundi walikuwa 8, waliokaa pale bila sauti ya kugeuza jambo. Mwaka 1521 mamwinyi wakaandika hata orodha ya koo zinazoruhusiwa kuja kucheza dansi kwenye ukumbi wa mji. Vischer, aliyelipamba kaburi la mtakatifu wa mji mzima, hakuwa wa kualikwa dansini.

Na huu haukuwa mji wa mafundi wachache. Mwanzoni mwa karne ya 16 ulikuwa na watu karibu 40,000, mkubwa kwa wakati ule, na uliishi kwa mikono. Haukuwa na bandari, na ardhi yake ni ya mchanga. Ulichokuwa nacho ni misitu ya kuni, mto wa kuzungusha magurudumu, njia kuu za biashara zilizokutana hapo, na watu waliojua kutengeneza vitu: visu, makasi, kufuli, sindano, kastabani za kushonea, waya, tarumbeta, dira, saa, mizani, deraya za vita. Kulikuwa na msemo wa kimashairi kwamba vidude vya Nuremberg vinakwenda nchi zote.

Badala ya vyama, baraza lilikuwa na ofisi yake ya kusimamia ufundi. Ilitunga kanuni za kila kazi: nani anaruhusiwa kuitwa fundi mkuu, aajiri watu wangapi, afunze wanagenzi wangapi, atengeneze kitu gani ili apimwe. Mafundi walioapishwa walipita karakana hadi karakana wakikagua, kizuri kikapigwa mhuri na kibovu kikazuiwa. Kuna kazi zilizofungwa kabisa, yaani vijana wake walikatazwa kwenda kufanya kazi miji mingine, siri ya ufundi isitoke nje ya ukuta.

Sitasema ukaguzi ule ulikuwa ubaya mtupu. Baba kila mwaka analalamika juu ya gundi. Anasema gundi ya siku hizi inashika siku tatu, mvua ya kwanza soli inafungua mdomo, na mteja harudi kwa aliyetengeneza gundi, anarudi kwake yeye. Angempenda sana huyo mkaguzi mwenye mhuri. Lakini kukaguliwa na watu usiowachagua, katika mji ambao huna kauli, ni hali inayomkaa mtu kifuani. Ndipo nilipoanza kuzielewa zile sanamu. Mtu ambaye baraza halimsikilizi anatafuta mahali pengine pa kuacha sauti yake, na hawa walikuwa na mawe, shaba, wino na nyimbo.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote sikukiona siku ile ya baridi. Nilikiona baadaye kwenye kompyuta, maana maktaba ya mji wa Nuremberg imekiweka wazi kwa mtu yeyote kukitazama. Mwaka 1388 tajiri mmoja aitwaye Konrad Mendel alianzisha nyumba ya wazee. Iliwapokea mafundi 12, idadi ya mitume, waliokuwa raia wa mji na waliozeeka au kudhoofika wasiweze tena kujilisha kwa kazi yao. Walipewa mahali pa kulala, chakula na mavazi, na wao wakawa na wajibu wa kumwombea aliyewaweka pale. Mmoja akifa, mwingine anaingia. Na kuanzia miaka ya 1420, kila ndugu aliyefariki alichorewa picha yake kwenye kitabu, na jina lake likaandikwa.

Nyumba ilikuwa ya dua, lakini wengi wao hawakuchorwa wakiomba dua. Wamechorwa kazini. Wazee wenye ndevu nyeupe, waliokuja pale kwa sababu hawawezi tena kufanya kazi, kitabu kinawarudisha kwenye viti vyao vya kazi. Kitabu cha kwanza peke yake kina picha zaidi ya 300, na desturi hiyo iliendelea kwa vizazi na vizazi, kitabu kikijaa kinafunguliwa kingine.

Nilikaa nacho usiku mzima. Yumo mvuta waya aliyekaa kwenye bembea. Amekanyaga gogo kwa nguvu anajisukuma nyuma, waya mnene upite kwenye tundu jembamba, na ukimtazama unasikia mgongo unauma. Yumo mtengeneza kastabani, na mtengeneza vitana, na mwoka mikate. Yumo anayekereza shanga za rozari, mkono mmoja unavuta uta, kijiti kinazunguka, na shanga zilizokwisha kutoka ziko mbele yake. (Kukereza: neno zuri la pwani yetu, ambalo vijana wengi wamelisahau kwa sababu vitanda vya miguu ya kukereza vimetuishia majumbani. Sikuamini lingenifaa kuelezea picha ya Nuremberg.) Wamo mafundi viatu, zaidi ya mmoja, wameinama juu ya ngozi na kisu mkononi.

Michoro yenyewe si ya kiwango cha Dürer, yule mchoraji mashuhuri, ambaye alizaliwa mji huohuo mwaka 1471, mtoto wa sonara. Mingine ni ya mkono mzito kabisa, meza zimepinda, vichwa vikubwa. Lakini mchoraji hakukosea vyombo. Ukimwonyesha fundi wa leo atakuambia hii ni ya kazi gani na ile imeshikwaje. Nilimtumia Baba picha ya mmoja wa mafundi viatu kwenye simu. Akanipigia.

"Huyu nani?"

"Shikamoo Baba. Ni fundi viatu wa zamani, wa Ujerumani. Miaka mia tano na zaidi."

"Marahaba. Ameshika kisu vizuri," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Jina lake wamelijuaje?"

Nikamwambia waliliandika pale alipokufa. Akaguna, ule mguno wa mtu anayeliweka jambo mahali.

Sasa nifike kwa fundi viatu mwingine, huyu wa jina kubwa. Hans Sachs alizaliwa Nuremberg mwezi Novemba 1494, mtoto wa mshona nguo. Akiwa na miaka 7 alipelekwa shule ya Kilatini. (Neno shule tumelipata kwa hao hao Wajerumani, kama tulivyopata hela kutokana na sarafu yao ndogo iitwayo heller. Watu wa Nuremberg walihesabu heller karne nyingi kabla Wajerumani hawajaileta pwani yetu mwaka 1904.) Alipofika miaka 15 akapelekwa kwa fundi viatu kujifunza kazi, miaka miwili. Kisha akatoka kwenda kutembea.

Kutembea huku kulikuwa sehemu ya ufundi. Kijana aliyemaliza kujifunza hakufungua karakana papo hapo. Alikwenda mji baada ya mji akifanya kazi chini ya mafundi wengine, akilala kwao, akila kwao, akiona wanavyokata ngozi Regensburg na wanavyoshona Salzburg, München, Frankfurt. Sachs alitembea kama miaka mitano, akarudi kwao 1516. Akaoa 1519. Mwaka 1520 akawa fundi mkuu. Baba naye hakujifunza Tanga peke yake. Alipomaliza kwa mjomba wake na kutoa kilemba, alikwenda Mombasa miaka miwili, na mpaka leo akishona makubazi utamsikia akisema hii ni ya Mombasa, hii ya kwetu. Mimi nilidhani ni maneno tu ya mzee. Kumbe mkono wa fundi una ramani yake.

Wakati anajifunza viatu, Sachs alikuwa anajifunza na jambo la pili. Mfumaji wa kitani aitwaye Lienhard Nunnenbeck alimfundisha utunzi. Katika miji ya kusini mwa Ujerumani mafundi walikuwa na umoja wa waimbaji, na Nuremberg ulishamiri kuliko kwingine kote. Mchana ni mshona nguo, mfua shaba, kinyozi, mwoka mikate. Siku ya kukutana ni malenga. Na utunzi wao, ndugu msomaji, ungekupa raha kama ulilelewa kwenye mashairi yetu. Ulikuwa na vina. Ulikuwa na mizani, silabi zinahesabiwa moja moja. Kila wimbo ulikuwa na bahari yake, na bahari zilipewa majina, na mtu kubuni bahari yake mwenyewe ilikuwa heshima kubwa. Ubeti ulijengwa kwa sehemu mbili zinazofanana za kuanzia na sehemu ya tatu tofauti ya kumalizia. Mwimbaji aliimba peke yake, bila ala. Na walikuwapo wapimaji maalumu waliokaa wakisikiliza makosa: kina kimechechemea, mizani imepungua, Biblia imenukuliwa vibaya. Makosa yakahesabiwa, na mshindi akavikwa mkufu.

Nani anashangaa? Nimekulia katika mji ambao mvuvi anaweza kukusimamisha njiani akakuambia beti la nne la shairi lako lina mizani saba badala ya nane. Kuhesabu ni tabia ya fundi. Mtu aliyezoea kupima soli na wayo, kukata mara moja tu kwa sababu ngozi ni ghali, akija kwenye maneno anakuja na kipimo chake. Najua wako wasomi waliowadharau waimbaji hao, wakasema wanatunga kama wanavyopigilia misumari. Mimi sioni tusi hapo.

Kulikuwa na jambo jingine ndani yake. Mji uliowanyima mafundi chama cha kazi haukuwanyima umoja wa nyimbo, hata kama nao ulikuwa chini ya macho ya baraza. Huko ndiko kinyozi alipoitwa bwana, akasimama mbele ya watu, akasikilizwa kimya mpaka mwisho, akahukumiwa na wenzake na si na mwinyi. Nikifikiria ukumbi ule wa dansi na orodha yake ya koo, halafu nikafikiria mfumaji na mshona viatu wakipimana vina, najua ningependa kuwa wapi.

Mwaka 1523 Sachs alitoa shairi refu la kumuunga mkono Martin Luther, akimfananisha na ndege aimbaye alfajiri inapokaribia. Likasambaa. Mwaka uliofuata akatoa vijitabu vya majadiliano, na katika kimoja fundi viatu anabishana na kasisi juu ya Maandiko, na fundi viatu ndiye anayeyajua. Mwaka 1525 mji wenyewe ukaingia upande wa Luther. Ungedhani baraza lingemshukuru. Lakini 1527, alipotoa pamoja na mhubiri Andreas Osiander kijitabu cha picha na mashairi ya kumshambulia Papa, baraza liliogopa matatizo na Mfalme Mkuu, mtawala wa dola yote ya Kijerumani. Nakala zikakamatwa. Osiander akakaripiwa. Na Sachs akaambiwa kwamba kuandika si kazi yake, ashughulike na ufundi wake wa viatu, aache kutoa vijitabu na mashairi.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimekumbuka mkutano mmoja wa watu wa sokoni, mimi nikiwa na miaka kumi hivi. Vibanda vilikuwa vinahamishwa, wakubwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na Baba alisimama kuuliza maji ya mvua yatapita wapi kule wanakopelekwa. Akajibiwa, "Mzee, wewe kashone viatu." Watu wakacheka. Baba akakaa. Mwaka uliofuata maji yalipita ndani ya vibanda. Nadhani fomu yangu ilianzia pale, kwenye kicheko kile, japo sikujua.

Sachs hakuacha kuandika. Alipunguza vita vya dini hadharani, akamwaga ngano, hadithi za kuchekesha, michezo ya kuigiza ya siku za kanivali, zaburi, nyimbo juu ya nyimbo. Mwaka 1567, mzee wa miaka zaidi ya 70, akafanya ambacho mwenye duka hufanya mwisho wa mwaka: akafungua madaftari yake akahesabu. Nyimbo za ule umoja wa waimbaji peke yake alizipata 4,275. Jumla ya yote ilipita 6,000. Mtu aliyeambiwa arudi kwenye viatu alirudi na hesabu.

Mwaka 1568 ilitoka kazi ninayoipenda zaidi: picha 114 za Jost Amman za watu na kazi zao, na chini ya kila picha mistari minane ya Sachs, mhusika akijieleza mwenyewe. Inaanza na Papa na wafalme, kisha inashuka mpaka kwa watu wa mikono, na huko ndiko inakokaa muda mrefu. Fundi viatu anasema: ingieni, mwenye shida ya buti au kiatu. Halafu anaorodhesha anavyoweza: mifuko ya silaha, ndoo za ngozi za kuzimia moto, buti za mpanda farasi, buti za kuingilia majini, ndara zenye bitana, viatu vya kike vya mtindo wa kistaarabu. Ni sauti ya kibandani kabisa. Baba huita hivyohivyo, soli, kisigino, zipu ya mkoba, kamba ya kandambili, leta mama, leta.

Lazima niseme na upande mwingine, maana nimependa mji huu kiasi cha kutaka kuuficha aibu zake. Heshima ya fundi ilijengwa pia kwa kuwafungia wengine nje. Mwanagenzi alitakiwa awe amezaliwa ndani ya ndoa halali. Watoto wa watu wa kazi "zisizo na heshima", kama mnyongaji, hawakupokelewa. Franz Schmidt alikuwa mnyongaji wa Nuremberg kuanzia 1578 hadi 1618, aliganga pia wagonjwa, akaishi maisha safi, na bado ilimbidi mwaka 1624 amwombe Mfalme Mkuu amrudishie heshima yeye na wanawe ili milango iwafungukie. Wayahudi walifukuzwa mjini mwishoni mwa karne ya 15. Wanawake walifanya kazi karakana nzima, walishona, waliuza, mjane aliweza kuendesha kazi ya marehemu, lakini katika kile kitabu cha wazee 12 ukurasa baada ya ukurasa ni wanaume. Mama yangu ndiye aliyekuwa akipaka rangi na kung'arisha kila kiatu kilichotoka kibandani. Hata mimi hapa nimefika karibu na mwisho ndipo ninamtaja.

Na heshima hiyo ilikuwa nyepesi kupotea. Katika kanisa la Lorenz, hatua chache kutoka kwa Kraft, inaning'inia hewani kazi ya mti ya Veit Stoss, malaika akimletea Mariamu habari. Mwaka 1503 Stoss alipatikana na hatia ya kughushi hati ili arudishe fedha alizodhulumiwa. Akachomwa mashavu yote mawili kwa chuma cha moto na kukatazwa kutoka mjini bila ruhusa. Baada ya miaka 14 akapewa kazi hiyo ya malaika. Aliichonga akiwa na makovu usoni, na watu wakatazama juu.

Mwezi uliopita nilimwomba Baba anitumie picha yake akiwa kazini. Akanitumia akiwa amevaa kanzu na kofia, amesimama mbele ya nyumba, mikono ubavuni, kama picha ya kitambulisho. Nikampigia, nikamweleza habari za Vischer na aproni yake mbele ya mtakatifu. Alisikiliza yote. Akauliza kama hiyo aproni ni ya ngozi ya ng'ombe. Nikamwambia nadhani hivyo. Halafu nikamwambia habari ya fomu. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika.

"Niliiona," akasema. "Mwalimu alinionyesha siku niliyokuja kulipa ada."

Siku mbili baadaye picha nyingine ikaingia. Nani kampiga sijui, labda kijana wa duka la jirani, maana imekaa upande. Baba amekalia kigoda chake. Aproni imejaa madoa ya gundi. Kwenye chuma cha miguu mitatu kuna kiatu cheusi cha kike, soli imebanduliwa nusu, na misumari mitatu ameibana midomoni, kwa hiyo hakuweza kutabasamu hata kama alitaka. Chini yake ameandika: "Usiikate hapo kwenye kiatu. Ni cha mtu, anakuja kukichukua Jumamosi."